Nipande nini masika hii? Mwongozo wa bustani ya nyumbani kwa watu wa Lamu

Kila mwaka kaskazi ikianza kulegea, maswali huja yale yale. Nipande nini masika hii? Tungule (nyanya) zitakubali? Mbona shemeji yangu wa Nakuru ameshapanda na sisi bado? Video moja imesema Machi ndio mwezi wa kupanda, ni kweli? Kujibu mmoja mmoja kumenichosha, kwa hivyo yote nimeyaweka hapa pamoja. Mwongozo huu ni wa mkaazi wa kisiwa cha Lamu mwenye kiwanja kidogo, ua au dari tu, ambaye hajapata kupanda kitu zaidi ya mche wa asumini. Wa Malindi naye atafaidika, ila udongo wake ni mwingine, nitamtaja panapobidi.

Jibu langu ni hili: usichague mmea kwa kuangalia mvua ya Mei. Chagua kwa kuangalia maji utakayokuwa nayo Agosti. Mei haishindwi kuotesha kitu. Hata kokwa la embe ulilotupa jaani litachipuka. Mtihani uko Julai na Agosti, mvua zimekatika, kusi inapiga na kukausha majani, nawe umebaki na kisima chako. Kama maji yake ni ya chumvi, ulichopanda kitaanza kukuaga kikiwa na maua.

Kuhusu zile video, nyingi ni za Ulaya na Marekani. Huko Machi na Aprili baridi ndiyo inaondoka, na mkulima anachosubiri ni usiku usio na jalidi. Kwetu Machi ni joto kali, visima viko chini na chumvi imepanda. Na shemeji wa Nakuru hajakosea, maana bara mvua ndefu huanza Machi. Pwani hukolea Aprili, na mwezi wa mvua nyingi kuliko yote ni Mei. Kwa hivyo Machi huna haraka ya kupanda. Una haraka ya kutayarisha.

Jambo jingine la kalenda: usijiwekee alama kwa Ramadhani. Nawasikia wengi wakisema "mwaka juzi nilipanda baada ya Idi na nikapata". Mwaka wa Kiislamu hutangulia mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja, na baada ya miaka mitatu umeshapotea mwezi mzima. Ndiyo maana wazee wetu, wakulima na manahodha, walihesabu kwa miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua. Kama hesabu hiyo hukufundishwa, fuata upepo: kaskazi ikifa na bahari ikatulia, kitalu chako kiwe tayari.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jembe, panga, karai na ndoo. Keni ya kumwagilia ukiwa nayo ni vizuri. Huna, toboa mkebe wa maziwa kwa msumari.
- Samadi iliyooza, karai moja kwa kila hatua moja ya mraba ya tuta.
- Makumbi ya nazi, mengi utakavyoweza.
- Chombo cha kukinga maji ya mvua: jabia, tangi, pipa, hata madumu ya lita 20 yakiwa na vifuniko. Bila vifuniko unafuga mbu.
- Mbegu zenye kibandiko cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu, au mbegu za jirani uliyeona mavuno yake kwa macho yako.
- Ua unaofungika. Hili si pambo. Punda wa Lamu hutembea na njaa yake, na mbuzi ndiye mwalimu wake.

Samadi nataka niisemee zaidi, maana hapa Lamu hatuna kisingizio. Njia zetu zimejaa kinyesi cha punda na watu wanakifagia na kukitupa. Kikusanye, ukichanganye na majani makavu na machicha ya nazi, kirowanishe, kifunike kwa gunia na ukigeuze kila wiki mbili. Baada ya miezi miwili au mitatu utakuta kimekuwa cheusi, kinamomonyoka mkononi na kinanukia kama ardhi iliyonyeshewa. Hapo kimeiva. Ukikitia kikiwa kibichi kitaunguza mizizi, na zile mbegu za nyasi alizokula punda zitaota kabla ya mchicha wako. Aliyechelewa kuanza rundo lake aombe kwa anayefuga mbuzi, na achague la chini kabisa, lile la zamani.

Hatua ya 1: Hesabu jua

Siku moja ya mapumziko, tazama pale unapotaka kupanda kila baada ya saa mbili tangu asubuhi mpaka alasiri. Mimea ya matunda kama bamia, biringanya, pilipili na tungule inataka jua la muda wa saa sita au zaidi. Majani kama mchicha na spinachi huridhika na muda wa saa nne. Viwanda, yaani nyua za ndani, vya nyumba za mawe vya Mkomani mara nyingi hupata saa mbili tatu tu za adhuhuri. Humo panda mrehani, mchaichai na asumini, na mboga uzipandishe darini kwenye vyombo. Usilazimishe tungule kivulini. Zitarefuka kutafuta jua na hazitazaa.

Hatua ya 2: Pima maji yako

Hapa ndipo bustani nyingi za Lamu huamuliwa, na watu huparuka. Maji matamu ya kisiwa hiki ni ya mvua iliyozama mchangani, hasa kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na yamekaa juu ya maji ya chumvi. Ukiyateka sana wakati wa kiangazi, ya chini hupanda. Ndiyo sababu kisima kinachofaa kwa chai mwezi wa Juni huweza kukunjisha uso mwezi wa Machi.

Kuonja kunasaidia lakini ulimi huzoea. Kipimo cha kweli ni hiki. Mwezi wa Machi chukua mikebe miwili, uitoboe chini, utie udongo ule ule. Panda maharagwe matano kila mkebe. Mmoja umwagilie maji ya kisima chako, wa pili maji ya mvua au yale unayonunua ya kunywa. Maharagwe hayavumilii chumvi hata kidogo, kwa hivyo yatakwambia mapema. Baada ya wiki mbili au tatu linganisha. Yakiwa sawa, unaweza kupanda karibu chochote nitakachokitaja. Ya kisima yakiwa mafupi, na majani yao ya chini yamekauka kingoni kama karatasi iliyopitishwa motoni, basi maji yako yana chumvi na chaguo lako limepungua. Ukifaulu Machi, Agosti usiwe na wasiwasi, kwa sababu Machi ndiyo mbaya zaidi.

Aliyepata jibu baya asikate tamaa, ila apige hesabu ya paa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita 20 za mraba likipata mvua ya milimita 30 linakupa karibu lita 600, yaani madumu 30, toa kidogo kwa yanayomwagika. Ya mwanzo yaache yaende, yanaosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Paa la makuti halifai kwa kazi hii: linanyonya, na linalotoka ni la rangi ya chai.

Hatua ya 3: Chimba uone

Chimba shimo la kina cha mkono mpaka kiwiko. Kisiwani utakuta mojawapo ya mambo mawili. La kwanza ni mchanga mtupu, ambao maji hupita bila kusalimu. Huo unatiwa samadi na makumbi, na kazi inaendelea. La pili ni kifusi: vipande vya matumbawe, chokaa ya kuta za zamani, vigae. Penye nyumba ya mawe iliyobomoka ua mzima huwa hivyo. Udongo wa namna hii una chokaa nyingi, na mmea unashindwa kupata madini ya chuma hata kama yamo.

Onyo: usitie jivu kwenye udongo wa chokaa. Wengi wamesikia jivu ni mbolea, na bara penye udongo mchachu linasaidia. Hapa unaongeza lile lile lililokuzidi. Kama ua wako ni kifusi kitupu, panda kwenye magunia na madumu yaliyokatwa, au jenga tuta la juu kwa udongo wa kuletwa.

Wa Malindi: aliye karibu na mto Sabaki ana udongo mzito wenye rutuba, lakini amimine ndoo ya maji shimoni. Baada ya saa moja yakiwa bado yamesimama, ainue matuta yake, maana Mei yatazama.

Hatua ya 4: Gawanya matakwa yako mafungu matatu

Andika kila kitu unachotamani kupanda. Kisha kila kimoja ukitie kwenye fungu lake.

*Fungu la kwanza: vinavyomalizana na mvua.* Hivi ndivyo vya kuanzia kwa mgeni wa kazi hii. Mchicha huvunwa baada ya wiki tatu au nne. Kunde ni mboga ya majani na chakula cha punje kwa pamoja: majani unachuma kuanzia wiki ya nne, na ukiyachuma kwa kiasi maganda yanakuja baada ya miezi miwili au zaidi, isitoshe kunde huvumilia chumvi kuliko maharagwe. Matango hutoa ndani ya siku 50 au 60. Maboga pia yamo fungu hili, na majani yake ni mboga tosha, ila hutambaa na hayajui mpaka wa jirani. Mahindi ya ua mdogo sikushauri. Utapata magunzi manane na kivuli kwa kila kitu kingine. Mwenye shamba upande wa bara, Hindi au Mpeketoni, hiyo ni habari nyingine, naye atafute mbegu za pwani kama Pwani Hybrid 4 au Coast Composite badala ya zile za nyanda za juu.

*Fungu la pili: vinavyoanza na mvua vikamalizikia kisimani.* Bamia, biringanya, pilipili, tungule, spinachi, sukuma wiki. Hivi vyote vitakuwa vikizaa Julai, Agosti na kuendelea, kwa hivyo jibu la mikebe yako ya maharagwe ndilo linalotawala. Bamia ndiyo ninayoipenda kwa mgeni: joto inalitaka, miezi miwili tangu kupanda unachuma, na ukichuma kila baada ya siku moja haikomi. Biringanya huchelewa lakini ikishika hukaa mwaka mzima. Kwenye maji ya chumvi kidogo, spinachi ya majani mapana, ile iliyo ndugu wa biti, huvumilia kuliko sukuma.

Tungule nitazisemea peke yake, kwa kuwa kila mtu anaanza nazo na kila mtu analia nazo. Tungule si zao la katikati ya masika pwani. Mvua ya Mei na joto lake huleta ukungu wa majani na mnyauko. Mbegu zitie kitaluni mwishoni mwa Mei, miche uihamishe mwisho wa Juni. Zitatoa maua katika Julai na Agosti, miezi yetu ya baridi kuliko yote, na hapo matunda hushika vizuri. Lakini zitataka maji matamu siku zote hizo. Huna, achana nazo, panda pilipili.

*Fungu la tatu: vya kukaa.* Muhogo, viazi vitamu vya kuchuma matembele, mronge, mpapai, mdimu, mkomamanga. Hivi vinatumia masika kujishikiza, na baadaye vinajitafutia. Muhogo ni wa miezi minane hadi kumi na miwili, na ukiwa na nafasi ya shina tatu nne tu, kisamvu peke yake kimelipa. Vipando vya muhogo usichukue popote: magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia huenda na kipando. Muhogo wa aina ya Kibandameno ni mtamu na kila mtu anautaka, lakini michirizi inaupata kwa urahisi. Kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO cha Mtwapa kimetoa aina zinazostahimili zaidi, kama Tajirika na Shibe. Mkomamanga huvumilia chumvi na jua, nao katika ua wa Kiswahili una heshima yake. Mdimu chukua wa kubebeshwa, huzaa mapema kuliko wa kokwa. Mnazi usipande karibu na mahali watoto wanapochezea; sababu unaijua.

Vya kuacha mwaka wa kwanza: karoti, vitunguu maji, kabichi, viazi vya mbatata na maharagwe. Joto na chumvi havivitaki, au vyenyewe havivitaki hivyo, sawa tu.

Hatua ya 5: Kata orodha ibaki vitano

Nina kanuni moja ya kukatia. Mboga nyingi za Lamu zimeshasafiri kabla ya kufika sokoni, zimetoka bara kwa lori mpaka Mokowe kisha zikavushwa kwa chombo. Kitunguu na kabichi hufika salama. Mchicha hufika umelala. Kwa hivyo panda kinachonyauka safarini, nunua kinachovumilia safari. Ukiongeza swali la pili, "nyumbani kwetu kinaliwa kila wiki?", orodha inajikata yenyewe. Kuna wanaopanda biringanya kumi na mbili katika nyumba ambayo hakuna anayekula biringanya.

Mfano wa ua wa hatua nne kwa tatu, kisima cha chumvi kidogo: mchicha, kunde, bamia, matembele ukutani, na mpapai mmoja pembeni. Asumini usiihesabu, hiyo ina haki yake.

Hatua ya 6: Tayarisha matuta

Fanya kazi hii Machi na mwanzo wa Aprili.

1. Chimba mfereji wa kina cha futi moja, upana wa hatua moja ili ufikie katikati bila kukanyaga.
2. Panga makumbi chini, upande wa nyuzi ukiangalia juu, uyarowanishe sana. Yatashika maji ambayo mchanga ungeyaacha yaende.
3. Rudisha udongo ukiuchanganya na samadi.
4. Mwagilia, acha wiki moja, ng'oa kitakachoota.

Kwa vyombo: toboa matundu chini, viweke juu ya mawe mawili maji yapite, na madumu yenye rangi nzito yapake chokaa nje yasipike mizizi. Bamia na biringanya zinataka chombo cha lita 20. Mchicha unatosheka na karai bovu.

Mwani wa ufukweni watu huuliza sana. Unafaa, lakini uache unyeshewe na mvua mbili tatu kubwa kwanza, chumvi itoke.

Hatua ya 7: Kitalu

Pilipili na biringanya zitie kitaluni katikati ya Machi; zitakaa wiki tano au sita. Tumia boksi au mkebe wa kina kifupi, udongo uliochekechwa, mbegu zifunikwe kidogo tu, na kivuli cha kuti moja. Maji ya kitalu yawe matamu hata kama itabidi ununue dumu. Mche mchanga ndio unaouawa na chumvi mapema. Wiki ya mwisho ondoa kuti kidogo kidogo ili miche izoee jua.

Mchicha, kunde, bamia, matango na maboga havihitaji kitalu. Huenda moja kwa moja tutani.

Hatua ya 8: Subiri mvua ya kweli, ndipo upande

Manyunyu ya mwisho wa Machi hudanganya. Mbegu huota, jua hurudi siku kumi, kwisha. Baada ya mvua chimba kwa kidole na kisha kwa kijiti: kama unyevu umeshuka zaidi ya shibri moja, panda. Kama juu kumelowa na chini kukavu, kaa.

- Bamia: roweka usiku kucha, panda mbegu mbili au tatu kwa shimo, sentimita 2 kwenda chini, 30 kati ya mashina na 60 kati ya mistari. Baadaye bakisha shina moja.
- Kunde za majani: sentimita 15 kwa 30.
- Mchicha: changanya mbegu na mchanga mkavu ndipo unyunyize, la sivyo utapata zulia mahali pamoja na upara pengine. Panda nusu, wiki mbili baadaye nusu nyingine.
- Biringanya: hamisha jioni, sentimita 60 kwa 75. Pilipili 45 kwa 60.
- Matembele: vipande vya shibri moja na nusu, zaidi ya nusu yake izikwe.
- Mpapai: miche mitatu shimo moja. Sababu iko mwisho wa mwongozo.

Kosa la kila mwaka ni kubananisha. Mche mdogo huonekana mpweke, mtu anaongeza wa pili na wa tatu katikati. Mvua ya Mei ikishika, majani hayakauki na ukungu unaingia.

Hatua ya 9: Jitayarishe kwa kusi

Juni upepo ukishageuka, upande wa kusini wa bustani weka kizuizi cha makuti yaliyosukwa. Yasukwe kwa nafasi, upepo upite nusu. Nailoni iliyofunga kabisa inaufanya upepo uruke na kuangukia bustanini kwa nguvu zaidi. Wa Shela, karibu na bahari, asubuhi baada ya upepo mkali wa usiku osha majani kwa maji matamu.

Tandaza majani makavu au makumbi yaliyochambuliwa juu ya tuta, pasipogusa shina. Kumwagilia kuwe asubuhi, chini ya mmea. Kama maji ni ya chumvi kidogo, mwaga mengi kila baada ya siku mbili tatu badala ya kunyunyiza kidogo kila siku. Mengi huisukuma chumvi chini, kidogo huiacha juu penye mizizi. Mchanga nao hauweki akiba, mvua huosha mbolea, kwa hivyo ongeza gao la samadi kwa kila shina kila wiki tatu.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Miche imekatwa usiku usawa wa ardhi.* Ni sota, kiwavi anayekata miche. Fukua kidogo pembeni ya mche, utamkuta amejikunja. Muue, kisha kila mche uvishe pete ya karatasi ngumu iliyozama kidogo ardhini.

*Miche imeng'olewa mchana na kuachwa pale pale.* Kunguru. Weka wavu au miiba mpaka miche ifike shibri.

*Miche ya kitalu inaanguka, shina limenywea chini.* Maji mengi na msongamano. Punguza vyote viwili. Iliyoanguka haiponi.

*Majani machanga ni ya manjano, mishipa imebaki kijani.* Hiyo ni chokaa, mmea umekosa chuma. Samadi zaidi, jivu marufuku.

*Majani ya zamani yanakauka kingoni.* Chumvi. Ukipata maji ya mvua, mwaga ndoo nzima kwa shina uoshe mizizi.

*Tungule au biringanya inanyauka ghafla ikiwa bado kijani.* Kata kipande cha shina la chini, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Ndani ya dakika chache ukiona uzi mweupe kama moshi unashuka kutoka kwenye jeraha, ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa. Ng'oa na mizizi yake, choma, na mahali hapo usipande tungule, biringanya, pilipili wala mbatata kwa miaka kadhaa. Panda kunde au mahindi.

*Mmea umedumaa, na mizizi ukiing'oa ina vinundu.* Minyoo fundo, wanaopenda sana mchanga wetu. Bamia ndiyo chakula chao kikuu, kwa hivyo usiifuatishe bamia baada ya tungule au biringanya mahali pamoja. Vinundu vya kunde visikutishe: vile vilivyobandikwa pembeni ya mzizi na vinavyobanduka kwa ukucha ni vya kawaida, vinarutubisha ardhi. Vya ugonjwa ni mzizi wenyewe kuvimba.

*Kitako cha tungule kimekuwa cheusi.* Maji yamekwenda kwa vipindi, leo mengi, kesho hakuna. Yaratibu, na tandaza majani.

*Vidukari vyeusi vimejaa kwenye vichwa vya kunde.* Vifute kwa mkono wenye povu la sabuni. Vikirudi, twanga gramu 50 za mbegu kavu za mkilifi (mwarobaini) kwa kila lita ya maji, roweka usiku, chuja, tia sabuni kidogo, nyunyiza jioni. Mchwa ni jambo jingine. Wao hufuata makumbi makavu, kwa hivyo yarowanishe.

*Maua ya kwanza ya boga yanapukutika.* Ni madume, hutangulia. Yakija yenye kijiboga chini ya ua, asubuhi mapema chuma dume na umguse jike katikati, hasa siku za mvua ambazo nyuki hawatoki.

*Mpapai umejaa maua yanayoning'inia kwa vikonyo virefu na hauzai.* Huo ni dume. Ndiyo maana nilisema miche mitatu kwa shimo: subiri maua ya kwanza, bakisha wenye ua nene lililoketi kwenye shina, na mingine ikate. Kama hakuna mpapai dume kwa jirani yeyote, acha dume mmoja pembeni ya ua wako.